Je, wajua kwa nini mvutaji haambiwi azime sigara hata kwenye chuo ambako karibu kila mtu anataka marufuku?

Ukitaka kujua kama marufuku ya sigara chuoni inafanya kazi, achana kwanza na kanuni zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Angalia nguzo ya bango lenyewe. Si ajabu ukaikuta na madoa meusi ya mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati, usawa wa kiuno. Hapo ndipo watu huzimia sigara, chini kabisa ya picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Kisha mtazame mwanafunzi aliyekaa benchi la jirani. Moshi unamfikia, anakunja uso, anafunga daftari, anahamia benchi la tatu. Hasemi neno. Mpe dodoso jioni hiyo hiyo, ataweka alama ya vema penye "naunga mkono sana".

Tafiti zilizofanywa vyuoni katika nchi mbalimbali zinapatana kwa jumla: wengi wanataka moshi upungue, na wasiovuta wanalitaka hilo zaidi kuliko wanaovuta. Halishangazi. Linalovutia ni jinsi jibu linavyogeuka ukigeuza swali. Uliza habari za ukumbi wa mihadhara, hakuna ubishi. Hata mvutaji sugu haoni sababu ya mtu kuwasha sigara darasani. Uliza habari za mlangoni, bado wengi wako nawe. Uliza habari za chuo kizima, pamoja na viwanja, maegesho na vijia vya miguu, hapo ndipo utasikia: "Nje si kuna hewa? Moshi unaenda zake."

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya chembe za moshi wa sigara nje ya majengo. Ukikaa karibu kabisa na mvutaji, kama nusu mita hivi, na upepo ukaja upande wako, chembe zinaweza kufikia kiwango cha chumba ambamo sigara inavutwa. Ukisogea zaidi ya mita 2, zinapungua sana, na akizima tu, hewa inasafika upesi, tofauti na chumbani ambamo moshi hung'ang'ania. Basi aliye katikati ya uwanja mpana ana haki ya kuuliza marufuku ni ya nini. Anayepenya kila siku kwenye mlango mwembamba wenye wavutaji wanne, wawili kila upande, halimhusu swali hilo.

Halafu, mvutaji ni nani? Vyuoni wapo wengi wanaovuta kwenye sherehe tu, tena sigara ya kuomba. Ukiwauliza kama wanavuta, wanashangaa: "Mimi? Hapana bwana. Labda nikiwa na wenzangu." Kwenye dodoso wanajihesabu upande wa wasiovuta na kuunga mkono marufuku bila wasiwasi. Ijumaa usiku wanasimama chini ya bango lile lile, wakipokezana kiberiti. Sidhani kama ni unafiki. Kwao sigara bado ni jambo la pale na la wakati ule, si jina la mtu. Nikotini haijali jina, lakini hiyo ni habari nyingine.

Na wale wanaojiita wavutaji kweli? Wengi hudhani hao ndio maadui wa marufuku. Tazama Ireland, iliyopiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu za kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Kabla ya sheria, ni asilimia 13 tu ya wavutaji wa huko walioafiki marufuku kamili kwenye baa. Miezi michache baada ya sheria kuanza, walikuwa asilimia 46. Hakuna aliyewahubiria kilabuni. Walikwenda baa, wakatoka nje kuvuta, wakarudi, wakaona dunia haijapinduka. Maoni ya mtu kuhusu marufuku ambayo hajaishi nayo ni maoni kuhusu hofu yake. Ndiyo maana kura ya maoni inayopigwa chuoni kabla ya kanuni kuanza huwa inaonyesha upinzani kuwa mkubwa kuliko utakavyokuwa.

Kuna jambo jingine. Marekani, takribani wavutaji wazima 7 kati ya 10 wamesema wanataka kuacha. Mtu wa namna hiyo akikutana na mahali pasipovutwa, sehemu fulani ya nafsi yake inashukuru. Ni kama mtu anayempa rafiki pesa zake amshikie asije akazitumia. Wachumi Jonathan Gruber na Sendhil Mullainathan waliandika mwaka 2005 kwamba, kwa takwimu za Marekani na Kanada, kodi ya sigara ilipopanda, watu wa aina inayoelekea kuvuta walijieleza kuwa na furaha zaidi, si pungufu.

Basi wasiovuta wanataka, wa sherehe wanataka, na baadhi ya wavutaji nao wanataka. Kwa nini basi aliye kwenye benchi anahama kimya kimya?

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na bahati ilivyo lilihusu moshi. Mwanafunzi anakaa chumbani kujaza dodoso. Ghafla moshi unaanza kuingia kupitia tundu la ukutani, kidogo kidogo, kisha mwingi. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka wakaenda kutoa taarifa. Mwanafunzi alipowekwa pamoja na watu wawili walioagizwa wajikaushe kama hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu walioinuka. Waliobaki waliendelea kujaza dodoso, wakifikicha macho, wakikohoa, wakipunga mkono kuondoa moshi usoni. Picha hiyo huwa hainitoki. Mtu anapunga moshi mbele ya karatasi ili aweze kuisoma, na haulizi unatoka wapi, kwa kuwa wenzake wametulia.

Miaka 25 baadaye, wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walionyesha upande wa pili wa jambo hilo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Waliwauliza habari za ulevi chuoni. Kila mmoja kwa wastani alisema yeye binafsi hapendezwi nao sana, lakini akaamini kwamba wenzake hauwasumbui. Wote walikuwa wanatazamana usoni, wakisoma utulivu usiokuwepo. Hamishia hilo kwenye benchi. Watu sita wanakereka, kila mmoja anaona watano waliotulia, na kila mmoja anahitimisha kwamba yeye ndiye mnoko wa eneo. Nani amfunge paka kengele?

Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo bango linapofanya kazi yake, na kumtisha mvutaji ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Linamwambia anayekereka kwamba hayuko peke yake. Kabla ya bango, kusema "samahani, ungezima" ni kuleta mambo yako. Baada ya bango, ni kutaja jambo ambalo tayari limesemwa. Utafiti uliolinganisha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilichoanza marufuku ya chuo kizima mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Purdue cha jimbo hilo hilo, ulikuta kwamba kati ya mwaka 2007 na 2009 wavutaji wa Indiana walishuka kutoka asilimia 16.5 hadi 12.8. Purdue hawakushuka. Tena wanafunzi wa Indiana walibadilisha hata makadirio yao ya wenzao wangapi huvuta. Watafiti wengine, katika jimbo la North Carolina, waliamua kutouliza mtu. Waliinama wakahesabu vipisi milangoni mwa vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili. Vyenye marufuku kamili vilikuwa na vipisi pungufu kwa asilimia 77 kuliko vyuo visivyozuia uvutaji nje. Kipisi hakijazi dodoso kwa heshima.

Malalamiko ya haki yapo, na mengi hayatoki kwa wanafunzi. Mfanya usafi mwenye mapumziko ya dakika 15 hawezi kutembea hadi nje ya geti, kuvuta, na kurudi kwa wakati. Mwanafunzi wa kike anayetoka maktaba usiku wa manane anaambiwa akavute barabarani, gizani. Hapo usalama wake umewekwa rehani kwa ajili ya mapafu ya wengine. Na moshi wenyewe haufutiki, unahamia tu getini, kwa wapita njia ambao hawakupiga kura yoyote. Vyuo vingine vimetenga vibanda. Vingine vinapinga, vikisema kibanda huwa mahali pa kupatana na kujifunza kuvuta, jambo ambalo aliyewahi kusimama kwenye kibanda hicho hatalikana.

Walinzi pia hawana hamu ya kukimbizana na vijana kwa ajili ya kipisi, na faini ni nadra kutozwa. Kwa hiyo kanuni inabaki mikononi mwa yule wa benchi. Akilalama, "Unatuua wewe!", anajibiwa kwa moshi wa makusudi. Kwa sauti ya kawaida akasema, "Upepo unaleta huku kwangu, ungesogea kidogo," mara nyingi mvutaji anashtuka, anatazama bango kana kwamba limesimikwa dakika ile, na anasema kile ambacho wote wawili walikuwa wanakidhani tangu mwanzo: "Samahani, nilijua haikusumbui."