Si Godoro: Dhana Potofu Kuhusu Povu Linalowekwa Ndani ya Boti za Faiba

Mzee mmoja aliyekuja kuagiza boti ya uvuvi alikuta vipande vya povu vimepangwa juu ya meza karakanani. Akabonyeza kimoja kwa ukucha, ukucha ukaacha alama, akaguna. "Fundi, mimi nimelipia faiba. Mbona mnaniwekea godoro?"

Nikampa kipande cha sentimita 10 kwa 10. Nikamwambia, mzee wangu, kaweke hiki chini ya jeki ya gari lako. Akaenda kweli. Gurudumu likapanda, povu likabaki kama lilivyokuwa, isipokuwa alama ndogo pale ukingo wa jeki ulipokandamiza. Povu gumu la PVC, plastiki ya jamii ya mabomba ya maji, lenye uzito wa kilo 80 kwa mita moja ya ujazo, ambalo hutumika sana kwenye boti, likibanwa sawasawa kwenye eneo la kipande kile hubeba zaidi ya tani moja. Ukucha unalishinda kwa sababu nguvu yote umeiweka kwenye nukta moja.

Neno lile la godoro nimelisikia mara nyingi, tena si kwa wateja peke yao. Makosa mengi ninayoyaona kwenye kazi hii yanaanzia hapo, kwenye kudhani kwamba povu ni kijazio.

"Povu linajaza nafasi tu, nguvu iko kwenye faiba"

Chukua daftari la kurasa 96, lishike ncha mbili, lipinde. Linapinda bila ubishi, na ukitazama ukingoni utaona kurasa zinateleza, kila moja juu ya mwenzake. Sasa fikiria kila ukurasa umepakwa gundi na daftari zima limekauka. Hapo una ubao. Karatasi ni zilezile, uzito ni uleule, ila hakuna tena cha kuteleza.

Kwenye sandwichi kuna ngozi mbili za faiba na povu katikati. Ukiipinda, ngozi ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Povu lina kazi mbili: kuzitenga ngozi hizo zisisogeleane, na kuzizuia zisiteleze. Kazi hiyo ya pili ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo ngumu.

Tuweke hesabu. Faiba tupu ya milimita 4 ina uzito wa kilo 6 na kitu kwa mita ya mraba. Igawe mara mbili, milimita 2 juu na 2 chini, weka katikati povu la milimita 20. Umeongeza kilo 1.6 za povu na resini kidogo ya kugandishia, yaani ule utomvu wa plastiki unaomiminwa ukiwa majimaji kisha unakauka kuwa mgumu. Ugumu wa kupinda, kwa hesabu ya karatasi, umepanda karibu mara 90. Kwa vitendo unapungua, kwa sababu povu lenyewe hulegea kidogo, lakini bado tofauti ni kubwa. Ukitaka ugumu huohuo wa kwenye karatasi kwa faiba tupu, utahitaji unene wa milimita 18 hivi, yaani kilo 29 kwa kila mita ya mraba. Boti hiyo jaribu kuisukuma mchangani maji yakiwa yamekupwa.

"Basi sandwichi inashinda faiba tupu kwa kila kitu"

Hapana, na hapa mafundi wanaouza maneno huwaponza wateja. Kutopinda ni jambo moja, kuhimili pigo ni jingine. Ngozi ya milimita 2 ikigongwa na ncha ya jiwe la matumbawe inapasuka, na nyuma yake kuna povu tu, ambalo kwenye nukta ndogo halina ubavu. Ndiyo maana wajenzi wengi hutumia sandwichi kwenye sitaha na ubavuni, wakaacha mkuku na sehemu inayoburutwa ufukweni ziwe faiba tupu, nene.

"Povu ni povu, lolote linafaa"

Kuna karakana moja, jina nitalihifadhi, kijana alitaka kubana matumizi. Akachukua povu jeupe la punjepunje lililokuja kwenye boksi la friji, akalikata vizuri, akalilaza, akamimina resini ya poliesta juu yake. Akageuka kuchukua brashi. Aliporudi palikuwa na shimo, na pembeni ya shimo uji mweupe unaonata. Harufu kali tunayoisikia ukifungua kopo la resini ya poliesta ni ya stairini, na stairini huyeyusha polistaireni kama maji ya moto yanavyoyeyusha sukari. Kwa resini ya epoksi povu lilelile lingesalimika.

PVC huvumilia poliesta. Siku hizi kuna povu la PET pia, plastiki ileile ya chupa za maji, na baadhi hutengenezwa kwa chupa zilizorejelezwa; mabawa ya mitambo ya umeme wa upepo hulitumia kwa wingi, sambamba na mbao za balsa kutoka Ekwado. Kwenye ndege kuna mapovu ya bei mbaya yanayohimili kuokwa kwenye joto la nyuzi 180. Ya polyurethani ni rahisi, lakini yale mepesi hulika kidogokidogo yakitikiswa miaka mingi, yakawa vumbi chini ya ngozi.

"Kugandisha ni jambo dogo"

Hili ndilo linaloua boti nyingi, kwa hiyo nivumilie.

Kalibu hupakwa nta, kisha jelikoti, ile resini ya rangi inayobaki uso wa nje, kisha tabaka za mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, na faiba ya kufuma zilizoloweshwa resini. Hiyo ni ngozi ya nje. Povu linakuja juu yake. Tazama uso wa povu lililokatwa: vijumba vya hewa vimepasuliwa, kila kimoja kikombe kidogo kilicho wazi. Ukililaza kavu juu ya mati mbichi yenye resini, vikombe hivyo vinakunywa resini yote ya kugandishia na kuacha mati kiu. Kwa nje kazi inang'aa. Kwa ndani ngozi na povu vimeshikana kwa nukta nukta. Kwa hiyo kwanza unapaka uso wa povu resini, unaacha ishibe, ndipo unalilaza. Kwenye mikunjo ya boti hutumika povu lililochanjwa miraba ili lipinde, na kila mchanjo lazima ujae. Usipojaa unakuwa mfereji, na siku maji yatakapoingia yatasafiri kutoka omo mpaka tezi bila kuonekana.

Mawe, ndoo za mchanga na watoto wa fundi kukaa juu havitoshi kulibana povu. Kinachotosha ni hewa. Unafunika kazi kwa nailoni, unaziba kingo kwa utepe wa kunata, unatoa hewa ndani kwa pampu. Wengi wanasema pampu "inavuta" povu chini. Pampu haivuti kitu. Inaondoa hewa ya ndani, na hewa ya nje, ile inayotukandamiza sote kila siku bila kuhisi, inabaki peke yake na uzito wake wa tani 10 kwa kila mita ya mraba. Nimeona kazi nzuri ikitoka kwa kompresa ya friji bovu iliyogeuzwa pampu. Mwiko mmoja: povu jepesi la polistaireni usilipe mgandamizo wote, litasinyaa.

Wenye uwezo hupanga kila kitu kikavu, mati, povu, mati, ndipo resini inaingizwa kwa mpira na kusambaa yenyewe chini ya nailoni. Povu la namna hiyo huwa na mifereji midogo na vitundu ili resini ifike upande wa pili. Ni kazi safi, lakini tundu la sindano kwenye nailoni linatosha kuiharibu. Kabla ya kumwaga resini karakana hunyamaza, mtu anapita na sikio kando ya utepe akitafuta sauti ya "sss". Na kwa joto letu la pwani, hadina, ile dawa ya kugandisha resini, ikizidi kidogo tu, resini inaganda ndoo ikiwa nusu na kuanza kufuka moshi.

"Povu halinywi maji, kwa hiyo boti haiharibiki"

Vijumba vyake vimefungwa, kweli. Lakini maji hayahitaji kunywewa na povu. Yanapita kwenye tundu la skrubu iliyopigwa sitahani bila mpango, yanakaa kati ya povu na ngozi, na kila wimbi linayasukuma yatafute njia zaidi. Kama katikati kuna balsa, inaoza. Pale panapofungwa bolti, povu linatakiwa litolewe na pajazwe epoksi iliyokolezwa unga au faiba tupu. Vinginevyo nati inabana, povu linabonyea, nati inalegea, na mwenye boti anaibana tena.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Tangu jengo la Grenfell liungue London mwezi Juni 2017 na kuua watu 72, kuna wanaoamini kila paneli ya povu ni petroli. Uchunguzi ulionyesha sababu kuu ya moto kupanda kwa kasi ilikuwa paneli za nje zenye plastiki ya polithini katikati ya bati mbili za alumini, na hiyo si povu, ingawa mbao za povu za kuzuia joto zilizokuwa nyuma yake zilichangia. Povu zinatofautiana: polistaireni huyeyuka na kuwaka, PIR, ndugu wa polyurethani, hufanya gamba la mkaa juu, na sufu ya mawe, ambayo si povu, haiungui. Anayejenga chumba cha baridi cha samaki aulize ndani ya bati kuna nini. Paneli hizo, kwa taarifa, mara nyingi hazigandishwi kwa gundi: povu likiwa bado majimaji humiminwa kati ya bati mbili zinazotembea, likafura na kujishikiza lenyewe.

Na anayesema sandwichi ni teknolojia ya juzi, ndege ya kivita ya Waingereza iitwayo Mosquito iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, kiwiliwili chake balsa katikati ya plaiwudi. Fuvu la kichwa chako nalo ni mfupa mgumu, mfupa wa sponji, mfupa mgumu.

"Ngozi ikiachana na povu, toboa vitundu usukume resini"

Kwanza gonga kwa sarafu. Palipo pazima panalia kavu, "ti ti ti". Palipoachana panajibu kwa sauti nzito kama kopo tupu. Zungushia kalamu. Ukitoboa tundu moja na kutoka unga au maji, resini yako itashika uchafu. Inabidi ngozi moja ikatwe, povu likwanguliwe, pakauke, liwekwe jipya, kisha kingo za ngozi zisagwe kwa mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wake, ndipo zifumwe upya.

Boti ya mwisho niliyofungua hivyo, ngozi ilibanduka yote kwa mkono mmoja. Povu chini yake lilikuwa jipya kabisa, vikombe vyote wazi, kavu, hakuna hata tone la resini lililowahi kuingia.