Maana ya "kujenga upya" unapoweka diski kubwa kwenye hifadhi ya nyumbani

Kujenga upya ni kazi inayofanywa na kifaa cha hifadhi, ile NAS iliyounganishwa na ruta ya nyumbani, pale kinapotolewa diski moja na kupewa nyingine tupu. Kinasoma diski zilizobaki, kinakokotoa kilichokuwamo kwenye ile iliyoondoka, kisha kinakiandika chote kwenye mpya. Kwa njia hii mpiga video za harusi wa Area C, hapa Dodoma, anaweza kutoka diski za terabaiti 2 hadi za terabaiti 8 bila kuhamisha faili hata moja kwa mkono wake.

Inawezekanaje? Kwenye kifaa cha diski mbili jibu ni jepesi: kwa mpango wa RAID 1 (RAID ni njia ya kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi pamoja kama moja), diski zote mbili hubeba kitu kilekile, hivyo mpya hunakili iliyobaki. Kwenye diski nne za RAID 5, mpango unaovumilia diski moja kufa, kuna hesabu, tena ya shule ya msingi. Data zote ni 0 na 1. Tuseme diski tatu zina 1, 0 na 0. Idadi ya moja ni witiri, kwa hiyo ya nne inaandikiwa 1 ili idadi iwe shufwa. Sasa chomoa ya kwanza. Zimebaki 0, 0 na 1, idadi ni witiri, basi iliyoondoka lazima ilikuwa na 1. Kifaa hurudia hesabu hiyo mpaka diski mpya ijae inachopaswa kubeba. Mpango huu ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mpaka leo sijaona njia nzuri zaidi ya kuulinda mzigo mkubwa kwa diski chache.

Unabadilisha moja, unasubiri ijengwe hadi mwisho, ndipo unagusa ya pili. Ukichomoa mbili kwa pamoja kwenye RAID 5, hesabu haina tena pa kushikia na kila kitu kimepotea.

Wengi hushtuka wakiweka diski ya kwanza ya terabaiti 8 na kuona nafasi haijaongezeka. Si kosa. Katika RAID ya kawaida kila diski huhesabiwa kwa ukubwa wa ile ndogo kuliko zote, na nafasi inayozidi hulala bure. Nne za terabaiti 2 hukupa terabaiti 6, kwa sababu ukubwa wa diski moja umeliwa na hesabu. Ukimaliza kubadilisha ya nne na kukiamuru kifaa kipanue eneo la hifadhi, utapata 24. Mfumo wa SHR, aina ya RAID ya Synology, kampuni inayotengeneza NAS, huanza kukupa nafasi mapema zaidi, mara diski mbili kubwa zinapokuwamo. Na usilalamikie duka ukiona diski ya 8 inasomeka 7.2 na ushei: mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, vifaa vingi vinahesabu kwa 1,024.

Muda nao si mdogo. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 2 huchukua karibu saa nne, na terabaiti 8 zilizojaa karibu saa kumi na tano, ikiwa hakuna mtu anayetumia kifaa. Saa zote hizo RAID 5 haina kinga: diski nyingine ikifa, data zimekwenda. Na ndizo saa ambazo diski za zamani zinasomwa kuliko siku nyingine yoyote. Kwa hiyo nakala ya akiba kwenye diski ya nje itangulie, kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. RAID si nakala ya akiba. Faili ukilifuta, limefutika kote.

Hapa Dodoma naongeza mawili. Kwanza UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati, vifaa vingi huendelea pale vilipoishia, lakini faili zilizokuwa zinaandikwa zinaweza kuharibika. Pili vumbi. Kati ya Juni na Novemba, upepo ukiwa mkali na mvua hakuna, feni hujaa upesi na diski hupata joto. Isafishe kabla ya kuanza, maana kujenga upya huzitia diski joto kuliko kazi ya kawaida.

Angalia pia aina ya diski. Zile za SMR huandika mistari ya data ikilaliana kama mabati ya paa, na kujenga upya kwake hujikokota mno, wakati mwingine hadi kifaa kuikataa diski. Mwaka 2020 kampuni ya diski ya Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa za aina hiyo. Tafuta CMR, ambazo mistari yake hailaliani, kama WD Red Plus au Seagate IronWolf. Ikiwa inakuja kutoka Kariakoo kwa basi, ipime yote kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu mtikisiko wa njiani hauonekani kwa macho.

Diski ulizotoa zitunze mpaka upanuzi ukamilike na faili zifunguke. Iliyotoka kwenye RAID 1 ina data zako zote, picha za watoto na mikataba ya wateja, kwa hiyo kabla ya kuiuza iandikie sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho.