Je, wajua kwa nini kuongeza nguvu ya redio kunazidi kuijaza setilaiti?

Jioni moja nilisimama na rafiki yangu kwenye mteremko wa mlima Loleza, jiji la Mbeya likiwa limetandazwa chini yetu mpaka kule Uyole. Yeye ana leseni ya redio za ridhaa, ile ambayo hapa nchini husimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa watu wanaorusha mawimbi ili wajifunze na wazungumze bila kufanya biashara. Jina lake la mwito linaanza na 5H, kama la wenzake wengi wa Tanzania. Mimi nilishika antena na kuizungusha taratibu kufuata kitu ambacho hatukukiona: SO-50, setilaiti ndogo ya Saudi Arabia iliyorushwa Desemba 2002, inayopokea sauti kwenye masafa mamoja na kuirudisha chini kwenye masafa mengine.

Rafiki yangu aliita mara tatu kwa redio ya mkononi ya wati 5. Hakujibiwa. Zilisikika sauti za watu wa kusini zikikatana, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Nikamwambia achukue redio ya kwenye gari, ile ya wati 50. Akaita mara moja tu, akasikika.

Kuanzia siku hiyo niliamini kwamba setilaiti ikijaa watu, dawa yake ni nguvu, na kwamba dawa ya kudumu ni kurusha setilaiti nyingine nyingi. Imani ya kwanza ilikuwa kosa kabisa. Ya pili ilikuwa na ukweli, ila mdogo kuliko nilivyodhani.

Historia yenyewe ni fupi. Watu wa redio za ridhaa walirusha setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, tarehe 12 Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Ilituma herufi mbili za Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, "HI", kwa muda wa wiki tatu hivi. Tangu hapo zimefuata nyingi, nyingi zikibebwa kwenye nafasi iliyobaki ndani ya roketi zilizokodiwa na wengine. Hakuna anayelipia kuongea. Ukiwa na leseni na antena, unaita.

Sasa turudi kwenye zile wati 50. Ushauri wangu ulifanya kazi, na ndiyo maana kosa hili halikomi: anayelifanya hulipwa papo hapo, na gharama yake humwangukia mtu asiyemwona. Jioni ile, tulipoita kwa nguvu, kuna mtu mahali fulani alikuwa katikati ya maneno yake. Tulimzima. Yeye hakujua amezimwa na nani, na sisi hatukujua kama alikuwepo. Akiwa na redio kubwa nyumbani, zamu ijayo ataileta. Baada ya miezi michache kila mtu ana wati 50, setilaiti ni ileile, na mwenye redio ya mkononi haipati tena kabisa.

Kwa nini setilaiti haiwachanganyi watu wawili ili wote wasikike japo kwa taabu, kama wapiga debe wawili stendi ya Nane Nane, mmoja akiita Tunduma na mwingine Kyela? Sikio lako huwasikia wote wawili. SO-50 haiwezi, kwa sababu inatumia FM.

Katika FM, ukubwa wa wimbi haubebi sauti. Sauti inabebwa na mabadiliko madogo ya kasi ya mtikisiko wa wimbi, na kazi ya mpokeaji ni kuifuata kasi hiyo na kuacha mengine yote. Fikiria shamba huko Mbozi, fahali mkubwa na ndama wamefungwa nira moja wakivuta plau. Fahali anataka kwenda kwenye mwembe, ndama anataka kwenda kwa mama yake. Mfuo utaelekea kwenye mwembe. Mvuto wa ndama utaonekana kama vijikona vidogo tu kwenye mfuo, na atakayekuja kesho akaufuata atafika kwenye mwembe bila kujua kwamba kulikuwa na mnyama wa pili aliyetaka kwenda kwingine. Mpokeaji wa FM ndiye huyo mtu wa kesho. Haoni wanyama, anaona mfuo.

Wafunge sasa mafahali wawili wa nguvu sawa. Mfuo unakuwa upuuzi mtupu, mara huku mara kule, na redioni upuuzi huo husikika kama mlio mkali wa kukwaruza. Ili mmoja ashinde kabisa hahitaji kumzidi mwenzake mara kumi. Kwenye redio nyingi, nguvu iliyozidi mara mbili au tatu inatosha, ingawa kiasi hasa hutegemea jinsi mpokeaji alivyoundwa. Tabia hii ina manufaa yake: ndiyo inayofanya redio ya FM ya gari, ukiwa kati ya miji miwili, ishike kituo kimoja kwa usafi badala ya kukuchanganyia viwili. Lakini marubani wanaotua Songwe huongea na mnara kwa AM, kama wenzao duniani kote, na sababu moja inayotajwa sana ni hiyohiyo: katika AM, wawili wakiita kwa pamoja mwongozaji husikia kwamba wako wawili.

Kwa hiyo ripita ya FM angani, yaani chombo kama SO-50 kinachopokea sauti na kuirusha tena, ina nafasi ya mzungumzaji mmoja, si wawili. Na eneo la kugombea nafasi hiyo ni kubwa mno. Setilaiti iliyo kilomita 650 juu huona duara la ardhi lenye upana wa zaidi ya kilomita 5,000. Ikiwa juu ya Sudan ya kati, Mbeya na Cyprus zote zimo ndani ya duara hilo, kila moja karibu na ukingo wake. Ikiwa juu ya Zambia, tunakuwa chumba kimoja na Johannesburg. Mtu wa Mbeya anayedhani anashindana na watu wa Mbeya anakosea kwa bara zima.

Hapa kuna hesabu ambayo ilinibadilisha kuliko maelezo yote. Setilaiti ikiwa utosini kwako, umbali wake ni kilomita 650. Kwa aliye ukingoni mwa duara, anayeiona inachungulia tu kwenye upeo wa macho, ni karibu kilomita 2,950. Umbali huo ni mara nne na nusu, na kwa kuwa nguvu ya mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, tofauti ni karibu mara 20. Maana yake, mtu wa Mbeya mwenye wati 5 setilaiti ikiwa juu yake anafika kwa nguvu sawa na mtu wa ukingoni mwenye wati 100. Antena huibadilisha hesabu hii, na setilaiti yenyewe hujizungusha ikageuza antena zake upande mwingine, kwa hiyo isishikwe kama kipimo cha dukani. Lakini inaonyesha nani anapaswa kupunguza. Aliye chini ya setilaiti tayari ni fahali.

Nyanda za juu zenyewe hazina mchango wowote hapa, ingawa wengi huniuliza. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hiyo ni kama sehemu moja kati ya 380 ya safari ya kilomita 650. Milima inachofanya ni kinyume: Loleza na kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, huziba upande wa kaskazini wa mji, na setilaiti inayotoka huko huchelewa kuonekana. Kwenye kitu kinachopita kwa dakika kumi na kidogo, dakika moja iliyofichwa na mlima ni hasara kweli.

Vipi basi kuhusu kuongeza setilaiti? AO-91 ilikuja mwishoni mwa 2017 na AO-92 mwanzoni mwa 2018, na Septemba 2020 Kituo cha Kimataifa cha Anga kikawashiwa ripita ya sauti. Kila moja ya hizo ilikuwa FM, yaani kila moja ilileta nafasi moja. Foleni iligawanyika, tabia za kwenye foleni zikabaki vilevile.

Nafuu kubwa imetoka kwenye aina nyingine ya chombo, transponda ya mstari. Hii haimsikilizi mtu mmoja. Inachukua kipande kizima cha masafa pamoja na kila kilichomo, inakihamishia kwenye masafa mengine na kukirudisha chini kama kilivyo. Ile ya RS-44, iliyorushwa Desemba 2019, ina upana wa kilohezi 60. Sauti ikirushwa kwa mtindo mwembamba uitwao SSB huhitaji kilohezi 3 hivi, kwa hiyo kuna nafasi ya mazungumzo kama 20 kwa wakati mmoja, na Morse ni nyembamba zaidi ya hapo. Ripita ya FM ingetumia kilohezi 15 kwa mazungumzo mamoja.

Lakini nafasi ya masafa si nguvu ya umeme, na hapa wati 50 zinarudi kwa sura nyingine. Nenda kwenye skimu ya mpunga kule Mbarali. Banio ni moja mtoni, mfereji mkuu ni mmoja, na kila shamba lina kilango chake. Mwenye shamba la juu akikifungua chake chote, hamkatazi mtu wa chini kuwa na shamba; anamwachia shamba kavu. Transponda ina wati chache za kugawia wote waliomo. Inapopokea mawimbi makali kupita kiasi hujishusha usikivu ili isizidiwe, na inajishusha kwa kila mtu. Aliyepiga kelele anasikika vizuri. Wengine 19 wanafifia kwa pamoja, wakidhani antena zao zimeharibika.

Mahali unapoweza kulisikia jambo hili kwa masikio yako ni AO-7. Iliruka tarehe 15 Novemba 1974, ikafa mwaka 1981 betri zake zilipopata shoti, halafu mwaka 2002 ikasikika tena. Shoti ile ilikuwa imeachia, na tangu hapo setilaiti inaendeshwa moja kwa moja na paneli zake za jua, bila akiba ya umeme hata kidogo. Mtu akiingia na nguvu kubwa, umeme wa chombo chote hushuka kwa kila neno analotamka, na sauti za wengine wote huanza kuyumba kwa mdundo wa maneno yake. Niliposikia sauti ya mgeni ikitetemeka kwa kufuata mdomo wa mtu mwingine kabisa, ndipo nilipoelewa nilichomshauri rafiki yangu.

Kwa bahati nzuri, setilaiti hizi hurudisha sauti yako mwenyewe wakati huohuo unapoongea. Ukivaa visikizi na kujisikiliza, unaweza kupunguza wati hadi ujisikie kwa kueleweka tu, kisha uishie hapo. Watu wengi wazoefu huishia kwenye wati chini ya 10. Asiyejisikia kabisa, na hasa huyu, hana njia ya kujua kama tatizo ni nguvu au ni masikio yake, na kwa kawaida ni masikio: antena ya kupokea ni mbovu, hivyo anapandisha nguvu ya kurusha, kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Kuna jambo moja linalowahusu watu wa hapa zaidi ya wengine. Watu wa redio za ridhaa wameigawa dunia katika visanduku vya nyuzi 2 za longitudo kwa nyuzi 1 ya latitudo, na wengi hukusanya visanduku kama wengine wanavyokusanya stempu. Mbeya ni KI61, Iringa ni KI72. Ni visanduku adimu hewani. Mtu akitaja KI61 kwenye ripita ya FM, kila aliyemo ndani ya duara humwita kwa pamoja, na msongamano unazaliwa na sauti moja ya upole. Rafiki yangu sasa huita kwa utaratibu: anachagua mmoja, anataja jina lake la mwito na kisanduku, anapokea chake, anahamia kwa mwingine. Kila mmoja sekunde kumi. Salamu ndefu anaziweka kwa ajili ya QO-100.

Hiyo QO-100 ni transponda ya ridhaa iliyomo ndani ya Es'hail-2, setilaiti ya Qatar iliyorushwa 15 Novemba 2018, siku ileile ya mwaka kama AO-7, miaka 44 baadaye. Ipo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwenye nyuzi 26 mashariki, na haisogei angani. Huo ndio upekee wake katika suala la msongamano, kwa kuwa nusu ya vurugu za SO-50 hutokana na saa: wote wana dakika zilezile kumi. Hapa Afrika nzima ina siku nzima. Sehemu ya sauti ina nusu megahezi, na katikati kuna taa ya redio, yaani mawimbi ya alama yanayorushwa muda wote, inayotumika kama kipimo. Hakuna anayeruhusiwa kusikika kwa nguvu kuliko hiyo. Anayezidi huwekewa king'ora juu ya masafa yake na mfumo uitwao LEILA, nacho hulia mpaka apunguze.

Kutoka Mbeya, QO-100 iko upande wa kaskazini-magharibi, nyuzi 76 hivi juu ya upeo wa macho, karibu utosini. Rafiki yangu alipofunga dishi lake la duara, lilitazama juu kama bakuli, na masika ya kwanza likajaa maji. Ametoboa tundu dogo katikati, na sasa huongea na watu wa Ulaya na Afrika Magharibi kwa wati mbili.