Saa ya mita 300 mbele ya maji ya moto na sabuni

Wateja wanaoniletea saa za kupigia mbizi, Submariner, Seamaster na nyingine za daraja hilo, huuliza swali moja kwa namna nyingi: kama inahimili mita 300 chini ya bahari, itashindwaje na maji ya moto ya bafuni? Swali ni la haki. Lakini namba iliyoandikwa usoni mwa saa haisemi lolote kuhusu joto, wala kuhusu sabuni.

Namba ile ni ahadi ya shinikizo. Kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kinataka saa ya mita 300 ijaribiwe kwa shinikizo la mita 375. Joto nalo limo katika majaribio hayo, ila tazama kiasi chake: saa hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 40, kisha 5, kisha 40 tena. Hakuna anayeichemsha. Hata COSC, wanaotoa vyeti vya usahihi kule Uswisi, hupima mashine ya ndani ya saa katika nyuzi 8, 23 na 38.

Chuma chenyewe hakina wasiwasi. Kile cha aina ya 316L wanachotumia Omega, au 904L cha Rolex, hakianzi kuyeyuka kabla ya nyuzi 1,300 hivi. Vinavyoumia ni vitu viwili ambavyo mwenye saa havioni: mpira na oili.

Mpira ndio unaozuia maji kwenye mfuniko wa nyuma na kwenye kifundo cha kutilia ufunguo. Joto la mara kwa mara huukausha ukawa mgumu, kama ule wa sufuria ya presha iliyozeeka, na mpira mgumu haurudi tena kujaza nafasi yake. Halafu kuna hewa iliyofungwa ndani. Ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi 87, shinikizo lake hupanda kwa moja ya tano na kusukuma kwenda nje, ilhali saa nzima imeundwa kuzuia kinachosukuma kuja ndani. Ukitoka sauna na kujirusha kwenye bwawa la maji baridi, hewa hiyo husinyaa ghafla na kuvuta unyevu popote penye upenyo. Hapa ndipo saa nyingi nzuri huharibika, na mwenyewe hukuambia kwa dhati kwamba hajawahi kuzama nayo.

Oili nayo hupungua uzito kwenye joto, ikatambaa kutoka kwenye ekseli za magurudumu madogo ya ndani, inakohitajika. Saa haisimami siku hiyo. Huanza kuchelewa baadaye, vyuma vikishasagana. Za betri ni dhaifu zaidi, kwani betri iliyopashwa sana huweza kuvuja juu ya mashine. Kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Sasa usafi. Adui mkubwa nyumbani ni dawa ya klorini ya kuondolea madoa, ile tunayoiita jiki. Klorini hutoboa utando mwembamba unaokinga chuma kisishike kutu, na vishimo huanzia pale maji yanapotuama: kati ya pingili za mkanda na chini ya mpira wa mfuniko. Mahali hapo pakishaliwa, hata mpira mpya haukai sawasawa. Ukisugua choo au kufua kwa dawa hiyo, vua saa kwanza. Mashine ya kufulia inaunganisha maovu yote: joto, sabuni kali na kugongwagongwa.

Njia salama ni rahisi. Hakikisha kifundo kimekazwa, tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya mikono kidogo na mswaki laini, suuza vizuri, futa kwa kitambaa. Ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Na kama umeshaichemsha? Usiirudishe majini kabla fundi hajaipima kwa mashine ya shinikizo. Kipimo kingine tunachotumia ni kuipasha saa hadi nyuzi 40 na kidogo, kuweka tone la maji baridi juu ya kioo, kusubiri dakika moja na kufuta. Ukungu ukibaki kwa ndani, unyevu umeshaingia. Usiifukie kwenye mchele wala kuikausha kwa feni ya nywele. Ipeleke ifunguliwe leo, hasa kama yalikuwa maji ya chumvi, maana kutu ya ekseli haichukui muda.