Kituo cha haidrojeni mjini: kabla ya kupima mita, angalia juu

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kukagua maeneo ya kujenga vituo vya kujazia haidrojeni magari yanayoitumia kama mafuta, swali la kwanza ni lilelile, sasa kikae mita ngapi toka kwenye nyumba za watu? Anataka namba moja achore duara kwenye ramani amalize. Namwelewa kabisa, kwenye petroli tumezoea hivyo, ila haidrojeni ina tabia zake na ukiiendea na macho ya petroli unaweza kuchagua eneo baya huku unaamini umepata zuri.

Petroli ikimwagika inateremka, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kuingia mitaroni, kwahiyo mtu wa petroli akifika saiti macho yanaenda chini, kwenye mteremko na mifuniko ya maji taka. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi. Ikivuja mahali pa wazi inapanda na kutawanyika haraka mno, na hiyo ndio bahati yetu kubwa kuliko valvu na sensa zote tunazofunga. Mimi nikifika saiti naangalia juu: kuna nini hapo cha kuizuia isiende zake?

Kuna saiti moja bado naiona kichwani. Kwenye ramani ilikuwa safi, jirani yuko mbali, barabara pana, umbali wote wa kwenye kanuni umetimia. Nikaenda kuiona kwa macho na kukuta pampu zimepangiwa kukaa chini ya jengo la kuegeshea magari, yaani pembeni wazi lakini juu zege. Nikainua shingo, chini ya ile slabu kuna mihimili inayokatizana, na kila penye mihimili minne pamejitengeneza kama boksi lililofunikwa kifudifudi, kina chake kama urefu wa mkono wangu. Gesi ikipanda ikaingia humo haina pa kutokea, inajikusanya tu, na haidrojeni inawaka kuanzia ikiwa asilimia 4 ya hewa mpaka asilimia 75, wakati mvuke wa petroli ukizidi asilimia 8 hivi hauwaki tena. Na cheche ya kuiwasha ni milijuli 0.02 tu, ule umeme wa nguo unaokushtua ukishika kitasa unatosha na kubaki. Nilisimama pale nahesabu maboksi hadi shingo ikauma.

Hapa kuna jambo nataka lieleweke vizuri maana watu wanalichanganya. Haidrojeni kuwaka na haidrojeni kulipuka si kitu kimoja. Wingu dogo pa wazi likishika moto linawaka linaisha, lakini likiwa limebanwa, au mwali ukipita katikati ya mabomba, nguzo na mihimili, mwali unavurugika, unakunjamana, unazidi kula gesi mpya na kasi inapanda, na hapo ndipo linakuja lile wimbi la presha linalobomoa. Kwahiyo mtu akiniletea mchoro wenye kuta pande zote nne "kwa ajili ya usalama" huwa naomba tukae chini tuongee. Ukuta mmoja uliowekwa mahali pake unakinga majirani dhidi ya mwali wa moja kwa moja, sawa, ila kuta nne na paa umeshajenga chumba.

Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha Kjørbo pale Sandvika, karibu na Oslo, Norwe, kililipuka. Uchunguzi ulikuta bolti za kizibo cha tangi la presha kubwa hazikukazwa sawasawa, gesi ikavuja, ikachanganyika na hewa, ikawaka. Hakuna aliyekufa. Waliofikishwa hospitali walikuwa watu wawili waliokuwa kwenye magari jirani na hapo, mshtuko ulifungua mifuko ya hewa ya magari yao. Nimeyafikiria sana hayo magari, maana kwenye ramani nyingi ninazoletewa barabara imepakwa rangi ya kijivu kama vile haina mtu, majirani wanahesabiwa kuwa nyumba tu. Foleni ya jioni ni majirani pia, tena wamefungwa mikanda hawawezi kukimbia.

Turudi kwenye mita. Kanuni kama NFPA 2 ya Marekani, au kiwango cha kimataifa ISO 19880-1, hazitoi umbali hewani, nyuma yake kuna hesabu ya tundu linaloweza kutokea na presha iliyo nyuma ya hilo tundu. Magari madogo yanajazwa kwa bari 700 (bari ni kipimo cha presha), mabasi mengi bari 350, na wengi wanadhani presha ndio kila kitu, kumbe kipenyo cha bomba kina nguvu zaidi: punguza kipenyo cha tundu nusu na urefu wa mchirizi wa gesi nao unashuka karibu nusu, ila presha ikipanda mara mbili umbali hauongezeki mara mbili. Ndio maana kabla ya kugombania kiwanja naomba mchoro wa mabomba. Bomba jembamba, ambalo tundu lake nalo linahesabiwa dogo, linaweza kukuokolea mita ambazo mjini huzipati kwingine. Na mjini inawezekana, Seoul walifungua kituo mwaka 2019 ndani ya viwanja vya Bunge lao.

Mahitaji ya madereva sitayakalia sana, watu wanajaza njiani wakienda kwenye shughuli zao, fuata mikondo ya magari utapata maeneo ya kuanzia.

Kinachosahaulika zaidi ni trela la kuleta gesi. Gari dogo linabeba kilo 5 au 6, trela la mitungi linabeba mamia ya kilo, kwahiyo siku likifika ndilo tangi kubwa la ziada pale kituoni na halikuwepo kwenye mchoro! Litaegesha wapi, litageukia wapi, litarudi kinyumenyume mbele ya mlango wa nani? Mimi nalichora kama tangi la kudumu na umbali wake wote, hata kama linakaa saa moja tu.

Halafu zimamoto. Mwali wa haidrojeni mchana karibu hauonekani, na gesi yenyewe haina rangi wala harufu, tena harufu hatuiongezi kama kwenye gesi ya kupikia maana inaharibu seli za mafuta, yaani kile kifaa ndani ya gari kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme. Mafundi wa zamani walikuwa wanatembea na ufagio wa makuti au majani wameunyoosha mbele, ukishika moto wanajua mwali uko hapo. Leo kuna sensa za mwali na kamera za joto lakini sensa inataka kuona, bango la tangazo likisimama mbele yake imekuwa kipofu. Nataka pia njia mbili za kuingilia, upepo ukigeuka gari la zimamoto liwe na pa kupita, na bomba la kutolea gesi lisiwe usawa wa balkoni ya mtu au tundu la kuvuta hewa la jengo la jirani.

Ile saiti ya jengo la magari tulisogeza pampu mpaka kona ya mbali ya kiwanja hichohicho, palipo wazi. Paa tukaliinamisha, limenyooka upande wa chini bila kona ya kushikia gesi, na kule juu kabisa tukaacha mwanya. Mwenye mradi alilalamika mvua itapita pale na dereva atalowa bega akiwa anajaza. Nikamwambia itapita kweli, na mwanya ukabaki.