Mmormoni akihoji, hafukuzwi hivi hivi

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa, Mbeya (kinywaji ambacho Mmormoni amekatazwa, pamoja na chai yetu ya Rungwe) utasikia kwamba ukihoji jambo katika kanisa la Wamormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) unafukuzwa. Si hivyo. Kinachomponza mtu ni kufundisha hadharani kinyume cha viongozi na kuendelea baada ya kuonywa. Septemba 1993 wasomi na wanaharakati sita waliadhibiwa, watano wakatengwa. Baadaye wawili walirudi kundini. Zito zaidi kwetu ni hili: tangu 1852 hadi 1978 wanaume weusi walinyimwa ukuhani (ambao kanisani humo hupewa waumini wanaume wa kawaida, si viongozi tu), na miongoni mwa waliopinga walikuwemo waumini wenyewe. Mwaka 2013 kanisa likazikana nadharia zilizotumika kuutetea ubaguzi huo. Wapo wanaodai liombe radhi pia, na Jumapili wako ibadani kama kawaida.