Pori si mtaji: dhana potofu kuhusu kuvuta uwekezaji wa kilimo vijijini

Mkoa wa vijijini ukitaka wawekezaji wa kilimo, huanza kwa kuandaa kijitabu. Ndani yake mna idadi ya hekta zinazofaa kulimwa, mna mito, mna ahadi ya msamaha wa kodi. Mkulima anayeishi kwenye hekta hizo hayumo. Naamini mipango mingi huharibikia hapo, kabla mwekezaji hajapiga hodi.

“Ardhi tupu tunayo, kilichokosekana ni mtaji na matrekta”

Jaribio moja kubwa la dhana hii lilifanyika Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatuma ujumbe wa wataalamu, uliozunguka kwa wiki chache tu na kurudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalikuwa chakavu, mabaki ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea vichaka.

Udongo wa Kongwa ukashinda. Una mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji, na chembe za mchanga mkali zinazosaga chuma cha jembe. Tena karanga hukomaa chini ya ardhi: jua likiupiga udongo huo kabla ya mavuno, hata mmea uliozaa vizuri hukataa kung'oka. Mvua nazo hazikuja kama zilivyotarajiwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36 za wakati ule.

Ukame wa Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Kongwa, haukuwa siri. Wagogo walikuwa wakifuga ng'ombe na kulima mtama na uwele pale kwa sababu ndivyo vinavyostahimili. Ujuzi huo ulikuwepo na ungepatikana bure, ila hakuna aliyeuweka kwenye hesabu.

Na neno “tupu” lenyewe linahitaji kuchunguzwa. Eneo lisilo na nyumba wala mazao huenda ni malisho ya kiangazi, au shamba lililopumzishwa, au mahali wanapookota kuni na kuchimba mizizi ya dawa. Mwaka 2008 kampuni ya Daewoo Logistics ya Korea Kusini ilitajwa kuwa mbioni kukodi hekta milioni 1.3 nchini Madagaska kwa miaka 99. Hasira za wananchi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea kuanguka kwa serikali, na Machi 2009 uongozi mpya ukafuta mpango huo. Mwekezaji makini amejifunza kutokana na mikasa ya namna hii. Akija, swali lake la kwanza huwa nani anatumia ardhi hii sasa, na je, amekubali. Mkoa uliopima ardhi ya vijiji, ukaweka mipaka na kuandika haki za watumiaji, una cha kumjibu.

“Mkulima mdogo si mwekezaji”

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2012 kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, wakulima wenyewe huweka kwenye mashamba yao mtaji unaozidi mara nne ule ambao serikali zao huweka kwenye kilimo. Ng'ombe aliyenunuliwa, mtaro uliochimbwa, miche ya matunda iliyopandwa, zizi lililojengwa: vyote ni uwekezaji. Havionekani kwa sababu hakuna anayekata utepe.

Mfano ninaoupenda ni chai ya Kenya. Wakati wa ukoloni chai ilikuwa zao la mashamba makubwa, na wengi waliamini mkulima mdogo hawezi kulitunza kwa ubora unaotakiwa. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Leo inahudumia wakulima wadogo zaidi ya laki 6, na wao ndio wanaozalisha sehemu kubwa ya chai ya nchi hiyo. Siri yake ni mpangilio. Jani la chai likishachumwa huanza kuharibika, lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache. Kwa hiyo viwanda vilijengwa karibu na wachumaji, barabara za kupitishia majani zikatengenezwa, vituo vya kupimia vikawekwa jirani, na mkulima akawa na hisa kwenye kiwanda kinachopokea majani yake. Mpangilio huo umekuwa na migogoro yake, hasa juu ya malipo na uongozi, lakini umeonyesha kwamba mashamba madogo yanaweza kulisha biashara kubwa yakiunganishwa vizuri.

“Tujenge kiwanda kwanza, mazao yatafuata”

Chukua nyanya. Kupata kilo moja ya nyanya nzito ya kopo kunahitaji kilo kama 6 za nyanya mbichi, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kulipa bei ya sokoni. Mkulima akiona gengeni wanalipa zaidi, atapeleka gengeni, na ni haki yake. Isitoshe, nyanya nzuri ya kuliwa mbichi ina maji mengi, wakati kiwanda kinataka aina yenye nyama nzito inayoiva kwa pamoja. Mbegu, ratiba ya kupanda na makubaliano ya bei hutangulia mitambo. Bila hivyo, mitambo hufanya kazi wiki chache kwa mwaka huku riba ya mkopo ikihesabiwa miezi yote 12.

“Wakulima wa mkataba hawaaminiki, huuza pembeni”

Kauli hii huniuma, kwa sababu husemwa na watu ambao hawajawahi kukaa kando ya barabara na magunia wakisubiri lori.

Tazama linavyotokea. Kampuni imetoa mbegu na mbolea kwa mkopo, na bei imeandikwa tangu msimu wa kupanda. Mavuno yanafika. Lori lililosemwa Jumatatu halionekani hadi Ijumaa ya wiki inayofuata. Mzani umefungwa ndani ya lori, mkulima hauoni unavyosoma. Malipo ni baada ya siku 45, na ada ya shule inatakiwa keshokutwa. Dalali anapita na noti mkononi. Mzazi gani atamwambia mtoto asubiri siku 45?

Wapo wanaovunja mkataba kwa tamaa, sikatai. Lakini mikataba inayodumu hufanana: mazao hupimwa mbele ya mwenye mali, fedha hulipwa ndani ya siku chache, bei hupanda soko likipanda na huwa na kiwango cha chini kinacholindwa, na ukame ukitokea hasara ya mkopo haimwangukii mkulima peke yake. Masharti haya yaandikwe kwa lugha anayoisoma yeye, na nakala ibaki nyumbani kwake.

“Msamaha wa kodi ndio huwaleta”

Wawekezaji walipoulizwa kwenye utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017, walitanguliza utulivu wa kisiasa, usalama na sheria zinazotabirika kabla ya unafuu wa kodi. Kwenye kilimo, umeme usiokatika na daraja linalopitika masika vina uzito kuliko miaka 10 ya msamaha. Aliyepanda parachichi husubiri miaka 3 au 4 kabla ya mavuno ya maana. Serikali ikifunga mpaka ghafla mwaka anaovuna, kodi aliyosamehewa haimsaidii chochote.

“Ubora ni kazi ya mnunuzi”

Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, inayodhuru ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mnunuzi mkubwa akikuta zaidi ya hapo, hugeuza lori.

Kuanza hakuhitaji maabara. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi kwenye turubai. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na siku chache zaidi za jua zitamalizia kazi. Baadaye kikundi huchanga na kununua kipimo cha umeme, na kila gunia linaloingia ghalani huandikiwa namba yake kwenye daftari. Siku mnunuzi anapokuja na kipimo chake mwenyewe, akakichoma kwenye gunia la kwanza, la kumi na la hamsini, akakuta namba zinalingana na daftari, hujadili bei na watu wanaojua wanachouza.